Mgawanyo Uliobaki

Haya yalimpata rafiki yangu anayefagia shule moja. Marehemu dada yake alisoma hapo, na alitaka kuthibitisha kwamba 999,999,937 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliigawanya kwa mkono, kwa namba tasa moja baada ya nyingine hadi kwenye kipeuo chake cha pili, maana kupita hapo hakuna haja. Ilipobaki moja tu ya kujaribu, 31,607, maradhi yakamchukua.

Mwalimu wa marehemu akafuta jina la mwanafunzi wake kwenye madaftari ya hesabu hiyo, akaandika la kwake. Mchana wa kupewa tuzo, akamtuma rafiki yangu stoo akayalete.

"Dada yako alikuwa ananakili tu, binti. Haraka, wageni wananingoja."

Stoo haina dirisha. Humo gizani rafiki yangu alisikia chaki ukutani: kwaru, kwaru, kimya, kwaru. Akatoka mbio.

"Siku hizi panya nao wanajua hesabu?" Mwalimu akacheka, akaingia mwenyewe. Mlango ukajifunga.

Rafiki yangu anakiri kwamba hakwenda kuufungua. Alisimama akiisikiliza ile chaki, akanong'ona, "Usimwachie, dada."

Wageni walipouvunja mlango na kumulika, mgawanyo wa 31,607 ulikuwa umekamilika ukutani, baki 17,671, kwa mwandiko wa marehemu. Chini yake mwalimu alikuwa amepiga magoti, akiandika jina la mwanafunzi wake mstari baada ya mstari. Chaki ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa akiandika kwa kidole, na kidole kilikuwa kimebaki nusu.