Abiria Aliyejifunga Mwenyewe

Dancille, mkunjaji wa parashuti wa klabu, alipofungua chumba cha kukunjia asubuhi ile, alikuta mikanda ya abiria imekazwa tena. Jana jioni aliilegeza yote kwa mkono wake, akaitundika ukutani. Sasa ilikuwa imebana mabegani na mapajani, kwa kipimo cha mtu mwembamba.

"Papa Kitwana, jana ulirudi huku?"

"Nilitoka mbele yako."

"Basi nani anachezea mikanda?"

Kitwana alikuwa amechoka. Mwaka uliopita mlima wa volkano juu ya Goma ulipopasuka, moto ulishuka hadi Buhene ukaifunika nyumba yake, na tangu hapo yeye, mkewe Nasiba na watoto walikuwa wakiishi kwa shemeji yake huko Birere, katika vyumba viwili. Sasa vita navyo vilikuwa vimerudi. Bunagana ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi, upande wa Rumangabo mabomu yalikuwa yakilia, na barabara ya Rutshuru ilileta watu wenye magodoro kichwani kutwa nzima. Mtu aliyepita katika hayo hahangaiki na habari za mikanda.

Kazi yake ilikuwa kuruka na watu. Abiria alifungwa kifuani pake kwa kulabu nne, mbili mabegani na mbili kiunoni, wakaruka pamoja kutoka kwenye ndege na kushuka kwa parashuti moja. Watalii wa sokwe walikuwa wameacha kuja. Klabu iliponea kwa watu wa mashirika, na mara mojamoja mtu wa Goma mwenyewe.

Kitabu cha maelekezo kilimtaka mwalimu afanye mazoezi ya hatari kila siku ya kazi. Kwa hiyo Kitwana alijifunga mikanda yake, akajining'iniza kwenye boriti ya dari, na mbele yake akaning'iniza ile ya abiria, tupu. Kisha akataja hatua kwa sauti, mikono ikifuata maneno.

"Parashuti kubwa imesokotana. Tazama mpini mwekundu. Vuta, ile mbovu iende zake. Tazama mpini wa fedha. Vuta, ya akiba ifunguke."

Mwishoni aliongeza maneno ambayo hayakuwamo kitabuni, yale aliyozoea kumwambia kila abiria kabla ya mlango wa ndege. "Usiogope. Sitakuacha mpaka chini."

Hapo ndipo harufu ilipokuja, harufu ya mawe yaliyoungua, ile ile iliyokaa puani mwa watu wa Goma wiki nyingi baada ya mlima. Dancille, aliyekuwa mezani akikunja kitambaa, aliacha kukunja. Mikanda ya abiria ilikuwa ikivutika kuelekea chini, polepole, mpaka ikakaza kama kamba ya ndoo iliyojaa maji, na boriti ikalia.

"Teremuka," Dancille alinong'ona. "Teremuka polepole, papa. Kuko mutu."

Kitwana aliteremka. Dancille aliichukua ile mikanda kwa fimbo, kama mtu anayeondoa nyoka, akaifungia ndani ya sanduku la chuma, na wakatoa mingine mipya.

"Acha kuruka kwanza," alimwambia.

"Nikiacha, nitakwenda wapi, Dancille?"

Dancille mwenyewe alikuwa amewapokea ndugu zake kutoka Rutshuru, walilala mpaka jikoni.

Siku iliyofuata alikuja Philomène, nesi wa makamo, mwanamke wa maneno machache. Mama yake alifia njiani usiku ule wa kukimbia moto, na nyumba yao ilikuwa chini ya mawe.

"Nilikwenda kuitafuta kwa miguu," alisema. "Kote ni mawe tu, hata mulango ulikuwa wapi sijui. Nataka nione kwetu kutoka juu. Mara moja tu."

Kitwana alimfunga mwenyewe. Alikagua kulabu, akakagua mipini, na Dancille naye akakagua nyuma yake. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndege ilipanda juu ya ziwa, ikazunguka juu ya ule mto mweusi wa mawe, na Philomène akatazama sana dirishani. Kisha rubani akaelekea Lac Vert, ziwa dogo la kijani, kwenye uwanja wa majani walikozoea kutua. Mlangoni Kitwana alimwinamia sikioni.

"Usiogope. Sitakuacha mpaka chini."

Wakaruka. Alitupa kile kiparashuti kidogo cha kupunguza mwendo, akakiona kikijaa upepo vizuri juu yake, lakini mwendo haukupungua. Walianguka kama watu watatu. Akafungua parashuti kubwa kabla ya wakati wake, nayo ikatoka imesokotana kama nguo inayokamuliwa, ikaanza kuwazungusha, ziwa na mlima na barabara ya Sake vikipita mbele ya macho yake na kurudi na kupita tena, na katikati ya mzunguko ule harufu ya mawe yaliyoungua ikamjaa puani, na sauti ikasema karibu kabisa na sikio lake, kwa utulivu, kwa sauti yake mwenyewe ya mazoezi: "Tazama mpini wa fedha. Vuta."

Mkono wake ukaenda. Miaka yote hiyo mkono ulikuwa umefundishwa kutii sauti ile, na ulikuwa umeshaugusa mpini wa fedha alipotambua kwamba hatua zimegeuzwa, kwamba akivuta ya akiba kabla ya kuitupa ile mbovu zitasongana na wote watakufa, na alipotaka kuurudisha mkono akahisi vidole vingine, vya moto, vimelala juu ya vidole vyake na kuvikandamiza.

"Bismillahi," alisema, na kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa wake wa kazi hiyo, akaupapasa mpini mwekundu akauvuta. Parashuti mbovu ikaenda. Vile vidole vikalegea kidogo, akavuta wa fedha, na ya akiba ikafunguka kwa kishindo.

Kukawa kimya. Walielea. Chini, Lac Vert ilitulia kijani ndani ya shimo lake. Philomène hakugeuza kichwa.

"Papa," alisema taratibu, "huyu mwingine aliyetukumbatia ni nani?"

Walitua salama. Philomène alifunguliwa, akaketi majanini, mikono yake ikiwa na alama nyekundu kama za mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Kitwana aliposimama, uzito wa mtu kifuani haukumwacha.

Alifika na uzito huo Birere. Hakuweza kulala chali wala kuinama kula. Nasiba aliona shati la mumewe limebonyea kifuani, lakini hapakuwa na kitu. Hakupiga kelele. Alijitanda kanga akamfuata Muzee Abdoul, mwalimu wa Kurani ambaye babu zake walitoka Maniema na ambaye watu walimwita kwa mambo ya aina hii.

Muzee Abdoul alikuja baada ya sala ya adhuhuri, akakaa, akamtazama Kitwana, akashusha pumzi.

"Tangu mulima upasuke sijapumzika," alisema. "Na wao, majini wa mulimani, walifukuzwa na moto, kama sisi. Wanatafuta pa kukaa."

Akasoma muda mrefu, kisha akauliza: "Wewe ni nani?"

Sauti ikatoka kinywani mwa Kitwana, ya mwanamke, kavu. "Nilikaa juu. Moto ukanitoa. Nikawafuata waliokuwa wanakimbia, hakuna aliyenichukua. Huyu akanifunga kifuani. Kila asubuhi aliniambia hataniacha."

"Na kwa nini ulitaka kuwaua?"

"Yule mwanamke alikaa mahali pangu."

Nasiba alifunika mdomo. Muzee Abdoul alingoja mpaka Kitwana akarudiwa na akili, akamweleza alichosikia. "Ulimwahidi kwa mudomo wako, hata kama hukujua. Kisomo changu hakitoshi. Ni wewe utamufungua, kwa mukono wako."

Walikwenda klabuni mchana ule ule. Dancille alitoa ile mikanda ya zamani sandukuni bila kuuliza. Kitwana akajining'iniza kwenye boriti, akaifunga mbele yake kulabu nne, na mara mikanda ikajaa. Uzito ulitulia kifuani pake kama wa mtu aliyetembea safari ndefu na sasa amepata pa kuegemea. Muzee Abdoul akaanza kusoma.

Kitwana akafungua kulabu za kiunoni. Akafungua bega la kulia. Ndipo alipohisi kitu kinamshika shingo, si kwa nguvu ya kunyonga bali kwa woga, jinsi mtoto anavyomshika mzazi wake kwenye maji, na joto la pumzi likamgusa shavuni, na akajikuta analia, kwa sababu alikuwa ameshika watu wengi hivyo na hakuwahi kumwachia hata mmoja, na kitabu na moyo wake vilikuwa vimemkataza jambo hilo moja kuliko yote.

"Papa Kitwana," Dancille alinong'ona, "malizia."

Akafungua kulabu ya mwisho.

Mikanda ikalegea. Sakafu ilikuwa karibu kabisa, miguu yake ingeweza kuigusa, lakini alisikia kitu kinaanguka, na upepo wa kuanguka, na sauti ya mwanamke ikienda mbali, mbali chini, bila kugonga popote.

Muzee Abdoul alifunga msahafu. "Imekwisha," alisema, akaomba maji.

Dancille alimsaidia Kitwana kushuka. Hewa ilikuwa safi. Shati lake halikubonyea tena. Lakini yeye alibaki ameinamisha kichwa, sikio likielekea sakafuni.

"Unasikia nini?" Dancille aliuliza.

"Hajafika chini."

Kitwana hakuruka tena. Vita viliposogea kuelekea Sake klabu ikafungwa, naye akapata kazi ya kupakia malori. Usiku analala vizuri. Ila mara nyingine, akiwa anakula, anasimamisha mkono juu ya sahani na kusikiliza, na Nasiba, ambaye aliacha zamani kumuuliza, anawanyamazisha watoto na kungoja mpaka aendelee kula.