Zamu ya Russ

Jioni ile nilitoka kwenda kununua damu.

Usishtuke. Damu yetu ni sharubati nzito ya mahindi, rangi nyekundu ya keki, na kakao kidogo ili isimetemete. Tunaipika hivyo kwa filamu yetu ya kutisha kila Halowini, usiku wa mizimu, tangu tukiwa sekondari, na haijawahi kumdanganya mtu. Mama wa kaunta aliitazama ile chupa, akanitazama mimi.

"Mwaka huu pia mnatengeneza? Hata bila…"

"Ndiyo. Hata bila."

Akanipa pole. Nikaipokea pamoja na risiti, nikatoka.

Mume wangu, Russ, alikufa Februari akiondoa theluji mbele ya gereji. Moyo. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni ameegemea koleo, nikadhani anapumzika. Tangu siku ile sijalia. Watu wananisubiri nilie, na mimi mwenyewe najisubiri, lakini wapi! Nakula, nalala, naenda kazini, nafua nguo. Ndani yangu ni kama ufizi uliochomwa sindano ya ganzi. Unagusa na ulimi, unajua papo, lakini hupasikii.

Nikaendesha gari nikatoka mjini. Mabarazani mishumaa ilikuwa imeshawashwa ndani ya maboga, na watoto waliojifunika mashuka walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kudai pipi. Shamba la mjomba wake Gordo liko mbele kidogo ya mnara wa maji, na banda lake la nyasi ndilo studio yetu.

Gordo alikuwa rafiki wa Russ tangu utotoni, mtu mnene, mpole, mwenye kelele. Pat ni rafiki yangu mimi. Nilimkuta anavaa wigi lake la uchawi, ambalo ukweli wake ni dekio la kupigia deki.

"Shemeji!" Gordo akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. "Umekula lakini?"

"Nimekula."

"Muongo."

Kabla sijaendelea, ngoja nikueleze sheria yetu, maana kila kitu kimetokana na hiyo sheria. Filamu zetu hazina maandishi ya kufuata. Pat anatoka gizani na dekio lake, sisi tunakimbia. Lakini muuaji si Pat. Muuaji ni mshika kamera. Akikusogelea mpaka uso wako ukajaa kwenye picha, akabaki hapohapo, basi umechaguliwa. Hubishi. Unaanguka, tunakumwagia sharubati, filamu imekwisha. Na aliyekufa mwaka huu ndiye anayeshika kamera mwaka unaofuata.

Mwaka jana kamera ilikuwa kwa Gordo. Akamchagua Russ.

"Kwa hiyo zamu ni yake," Pat alisema, akitazama chini. "Mimi siishiki."

"Wala mimi," Gordo akasema haraka mno.

Wakanitazama mimi. Nikainua mabega.

Gordo ndiye aliyepata wazo. Tuiweke kamera kwenye stendi, ijirekodie yenyewe. Zamu ya Russ tumwachie Russ. Akaenda kwenye pikapu, akarudi na koti la kazi la Russ, lililobaki kwake tangu walipokwenda kuwinda, akaivika stendi. Juu akaweka kofia. Akawasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka kifuani mwa lile koti.

"Haya, kaka, zamu yako," Gordo akasema. "Usituaibishe."

Tukacheka. Na mimi nilicheka, kwa mdomo.

Tukaanza. Pat akachomoka nyuma ya marobota ya nyasi. "Nipeni roho zenu!" Gordo akakimbia, akajikwaa kwenye toroli, akatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikapiga yowe langu la miaka yote. Sikuhisi kitu. Tukapumzika, tukanywa juisi ya tufaha ya moto kwenye chupa ya chai, tukajipanga kurudia.

"Nani kasogeza kamera?" Gordo akauliza.

Tulikuwa tumeiweka mlangoni. Sasa ilikuwa karibu na toroli.

"Si wewe ulijikwaa hapo?" Pat akamjibu.

"Nilijikwaa kwenye toroli, Pat. Najua toroli, najua kamera."

"Basi umesahau. Mtu mwenyewe unasahau hadi viatu."

Gordo akairudisha mlangoni. Nje, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mabua ya mahindi. Mwanga uliobaki ulikuwa wa boga letu moja, juu ya pipa.

Kisha nikasikia harufu.

Menthol. Na oili ya injini.

Nikajiambia ni koti. Koti la mtu linabaki na harufu ya mtu.

Halafu…

Kr. Kr.

Kila mwaka Russ aliposhika kamera, sauti ya filamu iliharibika. Alikuwa na pipi ya kikohozi, ya menthol, mdomoni wakati wote, na aliigonga kwenye meno kila alipokuwa anafikiria. Kr, kr, kr, katikati ya mayowe yetu. Tulimgombeza sana. Hakuacha.

"Nyamazeni," nikasema.

Kr… kr…

Pat akavua dekio polepole.

"Panya," Gordo akanong'ona.

"Panya gani anamumunya pipi?" nikamjibu.

Upepo ukaingia. Mshumaa ukazimika. Nikamsikia Gordo akipapasa kiberiti, akikiangusha, akikiokota. Boga lilipowaka tena, kamera haikuwa mlangoni.

Ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuigusa.

Pat akapiga kelele, na safari hii haikuwa ya filamu. Mimi sikukimbia. Nisikufiche kitu: sikutaka kukimbia. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri mtu aniambie la kufanya, na sasa sheria ilikuwa wazi kabisa. Akikusogelea, unabaki. Hubishi. Nikakaa juu ya robota, nikainua uso, nikaziondoa nywele machoni ili anione vizuri.

"Shemeji, toka hapo."

"Ni zamu yake, Gordo."

"Denise! Toka hapo!"

"Niache."

Niliiona sura yangu kwenye kioo cha kamera, ndogo, imetulia. Kr… kr… Ilikuwa inakua. Nikawaza, sasa hivi nitasikia kitu. Hofu, au furaha, chochote kile. Nikangoja.

Gordo akajitupa katikati.

Aliikumbatia ile kamera, koti na stendi na vyote, uso wake ukagusana na kioo. Alikuwa analia kwa sauti.

"Huyu mwachie! Unanisikia, Russ? Mimi ndiye niliyekuchagua, si yeye! Huyu mwachie!"

Kr ikakoma.

Harufu ikaondoka. Pat alikuwa ameshafika nyuma ya stendi, akachomoa betri. Hatukufungasha kitu, ila mimi nilichomoa kadi ya kamera. Chupa ya sharubati tuliiacha palepale, imejaa. Pat akanirudisha nyumbani kwa gari langu, mlango kwa mlango watoto wakiendelea kucheka.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limejaa jikoni, nikaiangalia rekodi kwenye kompyuta.

Nilitegemea picha zinazorukaruka. Hapana. Picha ilitembea. Iliyumba kidogo kila hatua ya pili, kama mtu mwenye goti bovu la kushoto. Goti hilo nimelikanda kwa dawa miaka mingi, nalijua. Lilitoka mlangoni taratibu, likapita pipa, likapita toroli, likanijia mimi. Uso wangu ukakua. Ukabakiza pembe tu ujae… pale pembeni nyasi zilikuwa bado zinaonekana.

Picha ikasimama. Kidogo sana. Sijui kama alikuwa anataka kuendelea au anataka kugeuka. Sitajua. Nimeirudia sehemu hiyo mpaka macho yameniuma.

Kisha Gordo akaingia, na uso wake ukajaa. Wote. Machozi, kamasi, vinyweleo vya ndevu.

Picha ikabaki hapo.

Ikabaki.

Gordo anapojiondoa kidogo, nyuma ya bega lake anaonekana Pat, ameshaizunguka stendi, akirudi nyuma kwenye nyasi, amekodoa macho. Mkononi ameshika betri. Nimeitazama vizuri. Ni betri yetu, ile yenye plasta nyeusi. Na picha inaendelea.

Ndipo kikasikika kile alichokuwa anasema Russ kila mwaka filamu ikiisha. Karibu kabisa na maikrofoni, kwa ile sauti ya mtu mwenye kitu shavuni.

"Haya."

Basi.

Sikupiga kelele. Nikafunga kompyuta, nikaosha kikombe, nikakifuta, nikakirudisha kabatini.

Gordo alipiga simu jana.

"Shemeji. Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Alimchagua nani?"

Nje, mtaa mzima maboga yalikuwa yameanza kuoza mabarazani. Nikayatazama.

"Hakuna. Betri iliisha mapema."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Maana mimi sikuanguka, si uliona? Sheria inataka uanguke."

"Ndiyo. Hukuanguka."

Akakohoa. Kikohozi kirefu, cha ndani.

"Unaumwa?"

"Kifua kidogo. Baridi ya lile banda, wee! Lakini usijali, nimepata dawa."

Kisha nikasikia, ndani ya simu.

Kr. Kr.

Gordo hapendi menthol. Tangu tukiwa sekondari alikuwa anasema inamkumbusha hospitali.

"Unakula nini, Gordo?"

"Pipi za kikohozi. Nilizikuta kwenye mfuko wa lile koti. Wala si mbaya, ujue."

"Zitupe."

"Kwa nini? Zinanisaidia." Kr, kr. Kisha akacheka, cheko la polepole ambalo si lake. "Shemeji, nimefikiria. Mwakani kamera nitashika mimi, sawa? Msibishane. Niachieni mimi."

Nilipaswa kumwambia. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake macho yakaniunguza, nikakaa chini pale sakafuni, karibu na lile dirisha.

"Shemeji? Unalia?"

"Nalia," nikasema.

"Lia, lia, mama. Ni vizuri. Tumekusubiri sana."

Nikalia kwa mara ya kwanza tangu Februari, na Gordo akaningoja kwenye simu kwa upole wake wote, akiigonga ile pipi kwenye meno. Hakujua kwamba nalia kwa wivu.