Mstari wa Chini Huja Mwisho

Magharibi ilipoanza kuingia, Fundi Rangi alipanda ngazi za ghorofa mbiombio, brashi kwapani. Alikuwa mchora vibao, na mkono wake ulisifika mji mzima. Lakini mwenye mgahawa alitaka kibao cha herufi za Kichina, tena kufikia Jumamosi, na mwalimu wa lugha hiyo, mama mtu mzima aliyefundisha chumbani kwake, alimkatalia katakata kunakili tu; lazima ajifunze kuandika kwanza.

"Wewe unachora, huandiki," alimwambia juma lililopita. "Kila mstari una zamu yake. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Na kisanduku, binti yangu, unasimamisha kuta, unaingiza vya ndani, ndipo unafunga chini. Mwisho kabisa."

Fundi alicheka. Kwake kisanduku ni kisanduku, uanzie popote.

Leo mlango ulikuwa wazi. Mwalimu hakuwepo. Mezani alikaa mwanamume mwembamba, shati kalifunga vifungo hadi kooni.

"Mwalimu ametoka kidogo," alinong'ona. "Mimi ni mwanafunzi wake wa zamani. Karibu, dada. Tuanze."

Chumba kilinuka wino... wino na kitu kingine, kama nguo mbichi zilizokosa jua.

Miguu ilimwasha Fundi kuondoka. Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Akakaa, akachovya brashi.

Yule mtu hakugusa karatasi. Alionyesha kwa kidole, hewani.

"Ukuta wa kushoto. Shusha."

Akashusha. Dirisha la kushoto likajifunga. Taratibu.

Upepo tu, alijiambia.

"Sasa pita juu, ukunje, ushuke kulia. Usiinue brashi."

Dari ikalia... kraa. Mlango wa kulia, ule aliouingilia, ukajibana kwenye fremu.

"Ndani tia mtu. Mistari miwili tu, kama miguu inayotembea."

Mstari wa kwanza. Kimya.

Wa pili.

Ndani ya kabati la nguo, pembeni, mtu akakohoa.

Fundi alishtuka. "Nani yumo humo?"

"Panya."

"Panya anakohoa?"

"Umebakiza mstari mmoja, dada. Wa chini. Funga."

Alitaka kuinuka. Mkono haukumsikiliza. Ulikuwa unakwenda wenyewe, polepole, brashi ikiitafuta kona ya kushoto...

"Usifunge..." Sauti ilitoka kabatini, nyembamba kama uzi. "Binti yangu... usifunge."

Mwalimu!

Fundi akaukamata mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Ukavuta. Naye akavuta. Jasho likamtiririka. Mwisho akainama, akaiuma ile brashi, akaing'oa vidoleni mwake kwa meno na kuitema sakafuni.

"FUNGA!"

Sasa hakunong'ona tena.

Fundi alilirukia kabati, akauvuta mlango wake kwa nguvu zake zote. Mwalimu akaporomoka nje, magoti yamekunjwa kifuani, midomo myeusi tii kwa wino. Walipogeuka kutazama mezani, kiti kilikuwa kitupu. Mlango bado umefungwa. Hakuna aliyepita. Fundi aliusukuma kwa bega hadi ukaachia, wakatoka.

Barabarani, chini ya taa, ndipo mwalimu alipopata sauti.

"Kweli alikuwa mwanafunzi wangu. Tulimzika mwaka juzi. Hawezi kuandika tena, anahitaji mkono wa aliye hai. Na herufi ile, mtu ndani ya kisanduku, maana yake mfungwa."

"Sasa anataka nini kwako, Mwalimu?"

Mama yule alitazama viganja vyake.

"Kuna jambo nilimfanyia," alisema.

Kesho yake alihama, na alikoelekea hakumwambia mtu.

Kibao cha mgahawa Fundi alikikataa. Vingine anaendelea kuviandika kama kawaida, ila O zake haziungani. Kila moja huiachia mwanya kwa chini, upana wa kidole. Wateja wakilalamika, husingizia brashi. Usiku halali vizuri. Hujigeuza, huketi, hujilaza tena.

Juzi asubuhi alipita mbele ya kibanda cha kinyozi, mteja wake wa siku nyingi. Akainua macho kwenye kibao alichomwandikia. Akasimama.

O ilikuwa imezibwa.

Akanyoosha mkono, akagusa. Haikuwa rangi yake. Ulikuwa wino, tena mbichi, unanuka nguo zilizokosa jua.

Mlangoni alisimama mke wa kinyozi, kanga begani, akimuuliza kila mpita njia kama amemwona mumewe.