Jiko la Mama Becky na Pakiti za Maziwa

Apiyo hakuhitaji kengele ya simu. Kila alfajiri, saa kumi na moja, kikohozi cha Maggie kilimwamsha.

Maggie ni binti yake wa miaka miwili. Kifua chake kilikuwa kimebana kwa miezi mingi. Apiyo alimpeleka kliniki mara mbili, akapewa dawa. Dawa ikiisha, kikohozi kilirudi.

Apiyo, ambaye majirani humwita Mama Becky, anauza chapati na maharagwe mlangoni pake huko Kiuu, Ruiru. Wateja wake ni watu wa haraka. Saa kumi na mbili wanataka chapati moto, waende kazini. Kwa hiyo jiko la makaa lilipaswa kushika upesi. Na kwa kuwasha jiko, hakuna aliyemshinda.

Siri yake ilikuwa gunia lililoning'inia mlangoni. Lilijaa pakiti tupu za maziwa na nailoni za mkate. Pakiti mbili chini ya makaa, kiberiti kimoja, moto tayari. Majirani walimletea pakiti zao. Ploti nzima ilijivunia moto wa Mama Becky.

Muhula wa pili, shule ya Becky, binti yake mkubwa, ilipata mgeni. Mwalimu Ndeshi alitoka Moshi, Tanzania, kuja kujitolea kwa muhula mmoja bila mshahara. Alifundisha watoto habari za taka: zipi zioze ziwe mbolea, zipi zitumike tena, zipi zisichomwe kamwe. Watoto walimpenda, na walimcheka pia. Alisema "naomba" hata alipotaka chaki yake mwenyewe.

Siku moja aliomba kila mtoto alete pakiti tupu kutoka nyumbani. Wote walileta, isipokuwa Becky.

"Kwetu huwa hazibaki," Becky alisema. "Mathe huwasha jiko nazo."

Darasa lilicheka. Mwalimu Ndeshi hakucheka. "Nyumbani kuna mtoto mdogo?" aliuliza.

"Eeh, Maggie. Anakohoanga sana."

Jumamosi mwalimu alibisha hodi. "Mama Becky, pole na kazi. Naomba unifundishe chapati."

"Karibu, mwalimu! Lakini hapa tunapika na speed, usishangae."

Apiyo aliwasha jiko kwa pakiti zake palepale mlangoni. Moshi mweusi ulipanda, ukaingia ndani. Maggie alikuwa ameketi chini karibu na mama yake. Alianza kukohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwalimu Ndeshi alimbeba, akatoka naye hadi nje ya geti. Walikaa huko mpaka kikohozi kikatulia. Aliporudi, alizungumza polepole.

"Mama Becky, moshi wa plastiki una sumu. Unaingia kifuani, na masizi yake yanaangukia chakula. Mtoto anaumia zaidi yetu. Mapafu yake bado ni madogo, na anapumua haraka kuliko sisi."

Apiyo aliacha kusukuma chapati. Alikasirika, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu.

"Ati ni mimi nagonjesha mtoto wangu? Mwalimu, umetoka huko Tanzania kuniambia hivyo? Sasa nitawasha na nini? Wateja wakikuja na moto haijashika, wataenda kwa mwingine. Hawa watoto watakula nini?"

Mgeni mwingine angetoa hotuba. Mwalimu Ndeshi alisema tu, "Nitatafuta cha kuwashia. Naomba unipe mpaka Jumatatu."

Jumapili, baada ya kanisa, alizunguka Kiuu akiuliza huku na huku. Kwa Gichuru, fundi wa mbao, aliona rundo la maranda ya mbao zisizopakwa rangi. Gichuru alikuwa akiyatupa. Kwa mama mchoma mahindi, aliona magunzi yakitupwa mtaroni. Alikusanya vyote, akavianika juani mpaka jioni.

Namsifu mwalimu huyu kwa kurudi Jumatatu ile. Angeweza kubaki kitandani. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa uani kwa Apiyo, amebeba mfuko wa maranda na magunzi.

Aliwasha jiko, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Mikono ikawa myeusi, na pua pia. Apiyo alikuwa bado amenuna, lakini kicheko kilimtoroka.

"Wewe mwalimu, moto huujui kabisa! Toka hapo."

Apiyo aliweka maranda chini, akavunja magunzi juu yake, kisha akapanga makaa na kuacha nafasi ya hewa. Moto ulishika. Ulichelewa dakika tano tu, na hakuna mteja aliyeondoka. Waliliacha jiko uani penye upepo mpaka makaa yakawa mekundu, ndipo wakalileta mlangoni.

"Hata makaa mekundu yana hewa ya sumu usiyoiona," mwalimu alisema. "Jiko lisikae kwenye chumba kilichofungwa. Na Maggie arudi kliniki. Mimi si daktari."

Zikabaki pakiti. Erastus, mume wa Apiyo, hufanya kazi kiwandani Thika. Alibeba gunia hadi Kamenu, hukohuko Thika, kwa Githae anayenunua plastiki kuukuu. Jioni alirudi nalo.

"Githae amekataa," Erastus alisema. "Ati inanuka. Hizi huyeyushwa zikatengenezwa posti za fensi, lakini chafu hawachukui."

Kumbe mabaki ya maziwa yalikuwa yamechachia ndani. Kuanzia siku hiyo Apiyo alizikata pakiti, akazisuuza kwa maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, akazianika kwenye kamba. Githae akalipokea gunia. Mwalimu Ndeshi aliandika ubaoni: "Somo la leo nimefundishwa na Mama Becky." Becky alikaa wima siku nzima.

Wiki zikapita. Siku ya mwisho ya muhula, Apiyo aliamshwa na mlango kugongwa. Mwanga ulikuwa umejaa chumbani.

"Mama Becky! Kwani leo hakuna chapo?"

Alishtuka. Kikohozi kilikuwa wapi? Alimgeukia Maggie kwa hofu, akamwekea mkono kifuani. Kifua kilipanda na kushuka polepole, bila mlio wowote. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Alifungua mlango. Wateja walikuwa wamejaa. Kati yao alisimama Mwalimu Ndeshi na begi lake, amekuja kuaga na kuchukua chapati za safari.

"Woiye, nisameheni watu wangu," Apiyo alisema, huku machozi yakimtiririka. "Nimelala. Leo mtoto hajaniamsha."

Mwalimu Ndeshi aliweka begi chini. Alichukua maranda na magunzi, akainama kwenye jiko.

"Naomba niwashe mimi," alisema.

Safari hii moto ulishika mara ya kwanza.