Niko Hapa, Jiwe Mgeni

Majirani zangu, wekeni simu chini kidogo mnisikilize, maana kosa hili linafanyika katika kila nyumba, na sisi tunalicheka.

Bondeni kwetu kuna njia ya matembezi ambayo hata bibi mwenye magoti mabovu anaimaliza. Zamani za kale bonde lote lilifunikwa na barafu nzito. Barafu ile ilitambaa polepole, ikakwaruza miamba, ikachimba vidimbwi, na ilipoyeyuka ikaacha jiwe moja kubwa kama chumba, la aina isiyopatikana popote karibu. Tunaliita Jiwe Mgeni. Ukipita pale asubuhi unasikia maji tu yakichuruzika, na roho inatulia.

Anayewaongoza wageni kwenye njia hiyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tunamwita Maneno, kwa jinsi alivyojua kusimulia habari za barafu mpaka watu wakatetemeka juani. Mtu mzuri, sikatai. Lakini akishaagana na wageni kule getini, miguu ilikuwa ikimpeleka kilabuni moja kwa moja. Nyumbani, upande wa pili wa bonde, baba yake mzee alikuwa hagusi chakula mpaka mwanawe afike. Akipigiwa simu, Maneno anajibu yuko njiani, huku glasi iko mkononi. Nanyi msinitazame hivyo. Nani hapa hajawahi kusema yuko njiani akiwa bado anatafuta viatu?

Alasiri moja ukungu ulishuka. Dada yangu alikuwa bado kazini, anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kwa hiyo mzee alipiga simu mwenyewe. Maneno hakutaka maswali mengi. Akamwambia, "Nishafika, baba. Niko hapa Jiwe Mgeni."

Mzee akachukua koti la mwanawe, akatoka kumpokea asije akapigwa na baridi. Alipita mlangoni kwangu. Nikamsihi angoje kwanza ukungu uinuke.

"Mwanangu yuko pale jiweni tu," akanijibu. "Kaniambia mwenyewe."

Yaliyofuata tuliyasoma kwenye nyayo. Alifika jiweni, hakumkuta mtu, na simu alikuwa ameiacha nyumbani. Mwingine angerudi. Yeye alijua mwanawe yuko pale, basi kama haonekani, ameanguka mahali. Nyayo zililizunguka jiwe, zikazunguka tena, zikaacha njia na kuingia matopeni kuelekea kwenye kidimbwi. Tulimkuta asubuhi ameegemea ukingo, maji kiunoni, baridi imemmaliza. Koti alikuwa amelifunga shingoni ili lisilowe. Maneno alikabidhiwa lile koti, akalipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo pombe hajaigusa, lakini imesaidia nini? Bado anaongoza wageni, hana kazi nyingine. Wakifika pale na ukungu ukiwepo, hukatiza maelezo akatega sikio upande wa kidimbwi. Wageni wanadhani ni mbwembwe za kazi. Mwenyewe aliniambia kuna sauti inamwita kwa jina alilopewa na baba yake, si hili letu la utani. Akiitikia, inamuuliza yuko wapi.

"Siwezi kuijibu, shemeji," alisema. "Jibu nililonalo ni lile lile."

Mimi nimepita pale, sikusikia kitu. Hata hivyo, peke yangu sipiti tena.

FUNZO

Jamani, ulevi hauanzi kwa kuvunja nyumba. Unaanza kwa kumfanya mtu mzuri adanganye watu wanaomngoja, tena kwa neno dogo ambalo sote tumelizoea. Lakini anayekupenda hasikii neno dogo. Anainuka na kulifuata kwa miguu yake. Kama hujatoka, sema hujatoka. Anayekungoja atanuna, atakula peke yake, na kesho utamkuta hai.