Theluji Kichwani kwa Bibi

"Mgeni njoo, mwenyeji anyamaze! Ndivyo unavyotaka?"

Mwandishi alisimama katikati ya kiwanda cha uchapaji, kurasa za riwaya yake mkononi. Mbele yake alikuwa mhariri wake, ambaye ndiye huyohuyo mchumba wake. Mtambo ulikuwa unanguruma tayari. Fundi alisubiri aambiwe tu achape.

"Punguza sauti, mpenzi. Watu wanasikia."

"Wasikie! Nimeandika nywele za bibi ni pamba iliyopasuka. Wewe umeweka theluji. Bibi yangu theluji kaiona wapi? Barafu ya jokofu tu inamuuma meno!"

Fundi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nimekulainishia tu. Msomaji wa ng'ambo akikwama ukurasa wa kwanza, anakifunga kitabu."

"Na methali za bibi?"

"Nimeziondoa. Mchapishaji alisema zinanuka kijiji."

"Alisema yeye, au wewe?"

Mhariri akaangalia viatu vyake.

"Mimi. Nilitaka ufike mbali."

Angesema mtu mwingine, mwandishi angemtukana yakaisha. Huyu alimpenda.

"Maneno ya bibi ndiyo uliyonitongozea," alisema taratibu. "Ukaja kuyarudia kwa mama yangu siku ya posa, ukayaita dhahabu. Leo yananuka?"

"Dada," fundi aliingilia, "nichape au nizime?"

"Ukizima, mkataba umekufa!" mhariri alifoka. "Na sisi je? Harusi si mwezi ujao?"

"Zima, kaka."

Mtambo ukakata kauli. Mhariri, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, akatoa simu akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, kaniaibisha kazini! Mbele ya watu!"

"Mpe simu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanamume hubembelezwa. Kitabu ni karatasi tu, ndoa ni maisha. Mwombe radhi, yaishe."

Mhariri alikunja mikono, akingoja apewe haki yake.

Mwandishi alizipanga kurasa zake vizuri, akazikumbatia kifuani.

"Mama, wewe nakuheshimu, na mwanao nampenda. Lakini radhi siombi. Siombi leo, na hiyo siku ya harusi, kama ipo, pia siombi."