Pigo la Tatu

“Ebu stop! Nani amekufunza hivyo?”

Vijana wangu saba wa jazi wakanyamaza. Msichana mgeni, Nalotuesha, mwenye miaka kumi na tatu, akashusha vijiti.

“Nimekosea, Teacher?”

“Hapana. Rudia tu.”

Tulikuwa kwenye klave, ule mdundo wa Kuba wa mapigo matano ambao vyombo vingine vyote huufuata: matatu, kisha mawili. Akarudia. Pigo la tatu akaliwahisha tena, halafu akainua bega la kushoto kama anayeomba radhi.

Duniani nilimjua mtu mmoja tu mwenye kosa hilo na bega hilo. Kasaine, mchumba wangu. Kwa miaka miwili tumepiga ngoma bendi moja hapa Kitengela, na nimemtania hadi nikachoka. Jumamosi ijayo wazee wake walikuwa wafike kwetu Bondo kuleta posa.

“Umefunzwa na nani, mrembo?”

“Baba. Tuko na drums kwa sitting room, huko Nkoroi. Huja home Sunday, Wednesday anarudi job Kajiado. Mum ameniandikisha huku tumsurprise.”

Kila Jumapili jioni Kasaine huniaga, ati anakwenda Ewuaso Kedong kuangalia ng'ombe za mamake. Hurudi Jumatano. Na mimi, mjinga wa mapenzi, nilikuwa nikimfungia chapati za njiani.

“Anaitwa nani, Baba?”

“Kasaine.”

Nikawaachia darasa zoezi, nikatoka nje kwenye ngazi, nikapiga simu.

“Uko wapi, Kasaine?”

“Niko Ewuaso, sweetheart. Ng'ombe ndio zinakunywa maji hapa.”

“Nalotuesha amefika class salama.”

Nikasikia akifunga mlango.

“Adero... ngoja nikuelezee.”

“Si ungekataa tu? Ungesema humjui.”

“Nilikuwa nataka kukuambia.”

“Baada ya posa, ama baada ya harusi?”

Akakata yeye. Dakika haikuisha, ujumbe ukaingia: “Tafadhali usimwambie mamake.”

Nikausoma mara tatu nikitafuta jina langu humo. Halikuwepo. Moyo uliniuma kama jino bovu. Nikampigia mama yangu.

“Mama, waambie akina Baba Mkubwa wasije kupokea wageni. Hakuna posa.”

“Nyathina, mwanangu, kwani nini imefanyika? Kasaine ni mgonjwa?”

“Ako na bibi, Mama. Na msichana mkubwa. Leo ameletwa kwangu nimfunze ngoma.”

Mama akaguna.

“Huyo mtoto anajua wewe ni nani?”

“Hajui. Ananiita Teacher.”

“Basi usimfukuze, Adero. Yeye hajakukosea.”

“Simfukuzi, Mama,” nikasema, na hapo ndipo machozi yaliponishinda.